Kitunga ya Mutoto wa Kashebere

Wasichana wa neonato, ninyi munaolinda watoto wachanga, nimesikia munamucheka muzee mwenye kitunga. Musikatae. Habari ililetwa na mujukuu wangu Esperanse, na yeye ni infirmiye, muuguzi mu chumba yenu, anavaa blouse nyeupe sawa ninyi. Mukisikia ninajivuna juu yake, munasikia vizuri. Ninajivuna.

Alirudi ku nyumba, akavua viatu, akasema: «Koko, kuna muzee mumoja wa njia ya Kashebere. Mujukuu wake alizaliwa mbele ya wakati, tumemutia ndani ya kuveze, ile mashini ya kumupa joto. Huyu muzee anasimama mu koridori na kitunga mupya ku mugongo, asubuhi mupaka jioni. Tunamuambia aende apumuzike, hataki. Tunamuuliza kitunga ni ya nini, anasema: munipe mafasi kidogo tu. Wenzangu wanamucheka. Iko na akili kweli?»

Nikamuambia: «Mwenye kukosa akili ni weye. Leta chai.»

Ile chai nilikunywa nikiongea, ikapoa, akaniwekea ingine. Na akasema niandike, kwa sababu wenzake pia wanapaswa kujua. Basi ninaandika. Masomo yangu iliishia ku ile darasa wanapofundisha kugawanya, na mimi kugawanya kulinishinda. Lakini watoto wadogo sana wa Masisi, wale wenye ngozi ya kuonekana mishipa kama jani ukiliinua ku jua, hao nawajua. Niliwalinda miaka mingi, tangu miaka ya sitini, uhuru ikiwa bado mupya na sisi wasichana wa kazi tukiwa bado na meno yote.

Esperanse aliwahi kunipeleka kuona chumba yenu. Nilifurahi, lakini niliogopa ile mashini. Inalia tii, tii, tii. Nikauliza: «Ni nani analia?» Mukacheka wote. Mucheke tu. Kwetu, kitu ya kulia ilikuwa mimi mwenyewe, nikiita Mama Adela.

Mama Adela alikuwa akusheze, muzalishaji wetu mukubwa. Mwanamuke mufupi, mwenye mabega ya mubeba mizigo, mwenye kuongea polepole hata nyumba ikiungua. Mimi niliajiriwa kufua vikwembe, vile vitenge vya wazazi, si kingine. Siku moja aliniona ninanyanyua sufuria ku jiko ya mbabula kwa mikono mitupu, bila kitambaa, makaa yanawaka. Akaniita. Nikafikiri anataka kunisifu.

«Venansia, leta mikono.» Akaigeuza, akaifinya. «Hii mikono ni ya bure kabisa.»

«Ya bure namna gani, Mama? Inafanya kazi tangu asubuhi!»

«Mikono ya mwanamuke wa jiko inadanganya. Moto iliisha kuizoea. Ukishika chupa na hii mikono utasema ni vuguvugu, na mutoto ataungua. Lete shavu.» Akaniwekea chupa ya maji ya moto ku shavu, nikaruka kama mbuzi. «Unaona? Shavu halijapika hata siku moja. Halidanganyi. Kuanzia leo utakuwa na mimi ku chumba ya wadogo.»

Njo namna nilipanda cheo. Sikupandishwa na akili, nilipandishwa na shavu.

Sasa niwaambie hizo chupa, kwa sababu munafikiri joto inatoka ku ukuta. Zilikuwa chupa za bia, zile za rangi ya kahawia, nene. Tunazijaza maji ya moto, tunafunga kifuniko nguvu, tunaigeuza chini juu kuona kama haivuji, tunaivisha kitambaa kama mutoto wa mutu, shavu inapima, kisha tunailaza pembeni ya mutoto. Moja huku, moja kule, moja ku miguu. Ku kichwa, hapana. Na hatubadilishi zote mara moja: moja ikitoka, zingine zinabaki kazini. Wasichana wengine walikuwa wanatoa zote pamoja ili wamalize haraka wakaongee inje. Mutoto anabaki mu baridi kama muntu walimuibia blanketi. Na baridi ya Masisi munaijua, ukungu inaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi.

Chupa zilikosekana kila wakati. Tuliwaambia wababa: leteni chupa. Ee Mungu! Papa mumoja wa Muheto alitoka na machozi, alirudi na chupa kumi na furaha, anatembea kama njia iko inamukimbia. Mama Adela akamuuliza: «Papa, hizi chupa uliziokota wapi?» Akajibu kwa heshima yote: «Nilizitoa maji ya ndani mimi mwenyewe, Mama. Miye natafuta joto ya mutoto wangu!» Bibi yake, pale ku kitanda, akasema: «Na joto yako weye ulishapata.» Lakini chupa zilikuwa nzuri. Tulizitumia.

Na kuveze yenyewe? Ilikuwa sanduku ya mbao. Papa Yozefu, sharpantiye, fundi wa mbao wa hospitali, aliichonga vizuri, yenye kifuniko na matundu ya hewa. Alijivuna nayo sana. Ilikuwa ya Masere Mukubwa kusema ifanywe vile. Masere, ni kusema yule mama mutawa muzungu aliyeongoza materinite, nyumba yetu ya kuzalia. Aliiona kwao, ikiwa na umeme. Huku umeme haikuwako, akatia akili yake na chupa zetu, na kweli watoto walipona ndani yake. Nasema hivi ili musifikiri alikuwa mujinga. Hakuwa.

Wamama walikuwa wanatuuliza kwa nini tunafungia watoto. Mama Adela alikuwa na jibu lake: «Huyu alitoka mbele ya kuiva. Tunamutia mu joto, kama vile munatia ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, mu shimo ziive.» Kila mama wa Masisi anajua shimo ya ndizi, na jibu ilikuwa tamu, tuliisema kila siku. Mupaka shangazi mumoja aliposikia vizuri kupita kipimo. Shimo ya ndizi haipaswi kuingia hewa, si njo vile? Akaenda kukata majani ya mugomba, akarudi, akafunika sanduku yote, matundu yote, akatia blanketi juu, akataka kutafuta na udongo. Nilimukuta anapigapiga majani na mikono, anasema: «Itaiva haraka.» Nilirusha yale majani mupaka mulangoni! Mutoto alikuwa muzima, alikuwa anatoa jasho tu. Tangu siku ile Mama Adela hakuongea tena habari ya ndizi.

Sasa sikilizeni ya kitunga.

Wakati wa mvua nyingi, walituletea mama mumoja ndani ya kipoyi, kile kitanda cha miti wanaume wanne wanabeba ku mabega. Alitoka Kashebere, alizalia njiani. Jina lake Feza. Mutoto alikuwa mwanaume, mudogo, ungemulaza ndani ya kiatu ya babake na kungebaki mafasi ya soksi. Feza alikuwa amekwisha kuzika wawili mbele yake, wote walitoka mbele ya wakati vilevile. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema: «Dada, huyu nimuangalie, ao nisimuangalie?» Alitaka kujua kama atamuzoea. Nikamuambia: «Umuangalie.» Tukamuweka ndani ya sanduku na chupa zake.

Kesho yake asubuhi mavyala wake akafika, mama ya bwana yake, Mama Kanyere. Mwanamuke murefu, amebeba ku mugongo kitunga kubwa, kamba ku kipaji cha uso, imejaa maharagi na avoka za kulisha muzazi. Sasa, ili ufike ku materinite, unapita ku atelye ya Papa Yozefu, pale anachonga mbao. Na ile siku Papa Yozefu alikuwa anapiga misumari ku sanduku ya mutoto aliyekufa ku chumba ya surua. Mbao zile zile. Randa ile ile. Mama Kanyere alipita, akaangalia, akasalimia, akaendelea. Akaingia kwetu, akauliza mujukuu iko wapi, na mimi nikamuonyesha sanduku.

Hakuweka hata mizigo chini.

«Mutoto anapumua, na munamutia mu sanduku?»

Mimi, na hii kinywa yangu Mungu alisahau kuitia mulango, nikataka kumutuliza. Nikasema: «Mama, usiogope, hii yetu iko na matundu. Ile ya wafu haina matundu.»

«Aa! Kumbe munazipanga!» Sauti yake ilifika ku barabara. «Huyu aanze na yenye matundu, kisha mumuhamishe ku ile ingine! Papa wa misumari ameisha kumupima, si vile?»

Mama Adela akaniangalia. Wasichana, kuna siku muntu anakuangalia na unatamani ukuwe ufagio.

Masere akaja. Akamueleza mambo ya joto kwa Kiswahili chake cha haraka. Mama Kanyere akamujibu kwamba watoto wawili wa Feza wameisha kulala mu sanduku, wa tatu hatalala mule akiwa muzima, anarudi naye Kashebere, akufie ku moto wa nyumba yao kama ni kufa. Masere akawa mwekundu, akasema mutoto hatatoka. Mama Kanyere akaita wanaume wa kipoyi. Inje mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima, mvua ikaanza kuanguka kubwakubwa. Ku ile njia, na ile mvua, mutoto yule asingefika hata ku kilima ya kwanza. Sisi wote tulijua. Feza pia alijua. Lakini mukamwana hapingani na mavyala wake mbele ya watu; alikaa ku kitanda, ameshika kona ya blanketi na meno.

Mama Adela akavuta kiti, akakaa. Kukaa! Katikati ya ile moto yote. Akasema polepole: «Mama Kanyere, tua muzigo kwanza, kamba itakukata kichwa. Unifundishe kitu. Kwenu, mbegu ya maharagi, ile ya kupanda, munaiweka mu nini?»

«Mu kitunga. Juu ya moto, ku dari.»

«Kwa nini si mu sanduku?»

«Mu sanduku itaoza. Ni nani asiyejua?»

«Basi. Huyu mutoto wako ni mbegu. Kitunga ni yako, chupa ni zetu. Tumuweke mule.»

Mama Kanyere akatua muzigo. Akaangalia kitunga yake, mupya, iliyosukwa na mikono yake mwenyewe. Kisha akaanza kutoa avoka, moja moja. Akasema: «Nitamuweka mule. Na nitarudi naye mule mule.» Unaona? Alikuwa hajashindwa. Alipata tu kitu ya kumubebea vizuri.

Masere akasema ngoja: kitunga ya shamba haiingii hivi hivi, ioshwe na maji ya kutokota. Mama Kanyere akakasirika, kitunga yake ni safi! Tukaimwagia maji. Eee, fukusi wa maharagi walitoka mule mbio, wanapanda ku ukuta, wanapanda ku viatu vya Masere, mimi napiga kelele. Mama Kanyere akaangalia pembeni. Masere alikung'uta tu kiatu. Tukaiweka karibu na mbabula ikauke.

Na mutoto? Mama Kanyere alikuwa amemutoa mu sanduku, hataki kumurudisha. Mama Adela akamufungua kikwembe, akamulaza mutoto ngozi kwa ngozi, katikati ya maziwa yake ya zamani, akamufunika. «Kaa pale ku moto, usitembee.» Nami akaniweka mbele yake nilinde.

Tulikaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati mupaka hatusikilizane. Mama Kanyere alikuwa ananiangalia kwa ubaya, mimi naangalia midomo ya mutoto. Muangalie midomo na nyayo, wasichana, siku zote, uso inadanganya. Ikafika wakati nikaona ile midomo inabadilika. Ikawa rangi ya jivu. Halafu rangi ya manyoya ya mukia ya jogoo, ile ya bluu. Kifua hakitembei.

«Mama, amesahau.»

«Amesahau nini?»

«Kupumua.»

Nilitoa muguu wake inje ya kikwembe. Nyayo yote ilikuwa kama kidole yangu kimoja. Nikaipiga na ukucha: pa! Hakuna. Nikaipiga tena: pa! Mama Kanyere aliacha mikono yake hewani, hajui aishike wapi. Nikapiga mara ingine, nikamukaripia mutoto kama muntu mukubwa: «Weye! Kumbuka!» Akakunja uso kama muzee aliyekosewa heshima. Akavuta hewa. Midomo ikarudi.

Nikarudisha muguu ndani ya kikwembe. Kisha Mama Kanyere akaniuliza, na sauti ingine kabisa, sauti ya mwanamuke aliyechoka: «Anasahau mara nyingi?»

«Wadogo hivi wanasahau, Mama. Hawalii. Wanasahau tu.»

Akaangalia mulango, pale wanaume wa kipoyi walikuwa wamejikinga mvua. «Na mimi ningekuwa ku njia,» akasema. «Mutoto ku mugongo. Muguu yake ningeiona na macho gani?»

Akawaambia wale wanaume: «Muende. Mukaseme ku nyumba sirudi sasa.»

Feza pale ku kitanda akaachia blanketi, akalia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mupaka maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Mama Adela akakimbiza kikombe. Hakuwa muntu wa kupoteza kitu.

Mutoto akalala mu kitunga, juu ya pamba na vikwembe, chupa zake pembeni. Na Mama Kanyere akawa ugonjwa wetu mupya! Hakuna chupa iliyopita bila shavu yake. Nikileta yangu nimeisha kuipima, anaipima tena. «Shavu yako ni ya kitoto,» ananiambia, «haijui baridi.» Wamama wengine waliokuja anawapanga yeye: «Weye, moja moja! Unataka kuua mutu?» Mutoto akiwa mukimya sana, anapiga nyayo hata kama mutoto analala tu usingizi wake wa haki. Yule mutoto alikaripiwa kuliko mutoto yeyote wa Masisi.

Kitovu ilipoanguka, njo akapata jina, kwa sababu mbele ya pale kwao hawampi jina mutoto. Utamuitaje mugeni ambaye hajatua muzigo? Wakamuita Bahati. Feza alilitamka polepole, kama mutu anayeonja chumvi.

Tangu pale kila famiye ikaanza kuleta kitunga yao wenyewe. Kutoka Ntoto, kutoka Muheto, ndogo, kubwa, zote tunachemsha maji. Masere alisimamia fukusi mwenyewe. Sanduku ya Papa Yozefu tukaitia sabuni, kisha kuku akaona ile matundu ni nzuri, akaangulia vifaranga. Papa Yozefu hakutusalimia muda murefu. «Kazi yangu munaifanya nyumba ya kuku,» anasema. Mama Adela akamujibu: «Papa, hata mule wametoka wazima wote.»

Siku ya kutoka, Bahati alikuwa na mashavu. Masere akaomba kitunga ibaki, isaidie wengine, ilikuwa imesukwa vizuri kuliko zote. Mama Kanyere akakataa. «Kitunga iliyobeba mutoto haibaki nyuma yake. Na hairudi tupu.» Wakapanda njia ya Kashebere, yeye mbele na kitunga ku mugongo, Feza nyuma na mutoto ku kifua, amuone akipumua. Sikuelewa lile neno la mwisho. Nililielewa wakati wa mavuno, alipotokea ku mulango wa materinite na kitunga ile ile ku mugongo, imejaa maharagi mapya, na Bahati juu ya maharagi, amekaa kama mukubwa wa kijiji, anashika kamba. Akawapa jikoni maharagi yote. Kisha akachukua kitunga tupu, akaigeuza chini juu mbele ya Masere, akaipiga ku chini, pa, pa, pa, sawa tulivyopiga nyayo.

«Angalia, Masere. Tafuta fukusi.»

Masere alicheka mupaka akakaa ku ngazi.

Basi, nilipomaliza chai yangu, nilimuambia Esperanse: «Unipeleke kesho.» Nikavaa kikwembe yangu ya misa. Ku koridori nikamukuta yule muzee, mwenye mvi, mwenye mabega, kitunga mupya ku mugongo. Hakunijua, angenijua namna gani? Mimi nilimujua ku kitunga ile, nikamusimamia mbele, nikamuambia: «Papa Bahati, vua kiatu.»

Mukanifikiri mimi pia sina akili. Esperanse akanivuta mukono. Lakini yule muzee akaniangalia, akafahamu mimi ni nani, kwa sababu nyumbani kwao waliisha kumuhadisia kila kitu. Akashika ukuta, akavua. Ile nyayo, wasichana! Ngumu kama ubao, imepasuka na vilima vyote vya shamba. Nikainama na hii mugongo yangu, nikaipiga na ukucha: pa!

«Unakumbuka?»

«Nakumbuka, Mama,» akasema. «Napumua.»

Mashini yenu ni nzuri, inakumbusha mutoto kuliko ukucha yangu. Sikuja kuwaambia muitoe. Lakini koko ao papa akisimama mulangoni na kukataa kutoka, mumupe kiti kwanza, kisha mumuulize anaona nini pale ambapo ninyi munaona kuveze. Huyu alitaka tu mujukuu wake asikose kitu ya kurudi nayo.

Esperanse akatoa kitunga ku mugongo wa Papa Bahati. Akaipeleka kwanza kuosha na maji ya kutokota, sikumuambia mimi, na hapo nikajivuna tena. Sasa iko chini ya mashini, pale munapopita na mop. Musiisogeze. Inangoja mwenyewe.